Nukta Nne Nyekundu za Njia ya Getanuwas

S.L.P. 57,
Endagikot,
Mbulu – Manyara.
13 Aprili 2025.

Mpendwa mdogo wangu Maximilian,

Shikamoo yako niliipokea kwenye simu, nami nakuitikia kwa maandishi: marahaba sana. Hujambo? Wifi yangu Ingrid hajambo? Na Xavery mdogo, jino lake la mbele limeshaota au bado anacheka na pengo? Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto linalalamika kila asubuhi, lakini likishapata chai linanyamaza.

Mvua mwaka huu si haba. Maharage nimeshapalilia, na yule ng'ombe mwekundu uliyemwona kwenye picha amezaa ndama jike. Nimempa jina la Ingrid. Mwambie mke wako asikasirike, huku hiyo ni heshima kubwa.

Barua hii anakuletea Brightness, binti wa jirani yetu, anayekuja huko Norway kusoma uuguzi. Najua umezoea tuzungumze kwenye simu. Lakini kuna mambo ambayo simu huyakata katikati, na mengine ni mimi mwenyewe huyakata. Kwa hiyo keti kitako, uisome mpaka mwisho, ndipo unipigie.

Nianze na ile ramani uliyonitumia ya safari yetu ya miguu. Nilikwenda kuichapisha mjini, kurasa sita, nikaziunganisha kwa uji wa unga, nikaitandaza mezani. Unamjua mwalimu wa jiografia hata akistaafu. Maximilian, nani amekuchorea huo mstari wa bluu? Umeshuka moja kwa moja ndani ya korongo ambalo kingo zake hubomoka hata wakati wa kiangazi, ukapita katikati ya shamba la watu, halafu ukakatiza Ziwa Basotu kana kwamba wewe ni bata. Kompyuta haijawahi kutembea kwa miguu. Kutoka hapa nyumbani hadi Mlima Hanang njia ipo, na mimi naijua, lakini haijanyooka hivyo.

Kuhusu baridi, nimecheka hadi machozi. Umesema umechagua Julai kwa sababu unapenda kutembea msimu wa baridi, na kwamba umenunua begi la kulalia la nyuzijoto ishirini chini ya sifuri. Mdogo wangu, Julai yetu ni ukungu, manyunyu na upepo unaopenya kwenye mikono ya koti. Maji hayagandi. Ukilala ndani ya begi hilo, asubuhi tutakukuta umeiva. Lakini usiidharau baridi ya huku pia. Inalowanisha kwanza, kisha ndipo inauma, na mtu aliyelowa akiacha kutetemeka hiyo si dalili njema. Hilo nalijua vizuri kuliko nilivyowahi kukuambia.

Orodha ya mizigo nimeisoma yote: jiko la gesi, vidonge vya kusafishia maji, chakula kikavu cha kumwagia maji ya moto, makoti mawili, taa ya kichwani. Sikuona lile blanketi la mistari ya kahawia uliloondoka nalo, ambalo Ingrid aliniambia bado mnalitandika kwenye kochi. Nitalirudia hilo baadaye.

Na hema je? Umetia alama tano za kulala, zote mbali na nyumba za watu, eti usiwasumbue. Huko kwenu labda ni adabu. Huku mtu akipiga hema jioni mahali anapoona moshi wa jikoni, watu watajiuliza wamemkosea nini, au amekuja kuchungulia ng'ombe wa nani. Wa kwanza watakuja na fimbo, wa pili watakuja na ugali, na sijui nani atakuchosha zaidi. Hema liache. Utalala majumbani.

Nimechora ramani yangu mwenyewe nyuma ya kalenda ya parokia, nimeikunja humu ndani ya bahasha. Utaona nukta nne nyekundu. Ya kwanza ni hapa Endagikot. Ya pili Dongobesh, ya tatu Maretadu, ya nne Basotu, kwenye yale mashamba makubwa ya ngano. Baada ya hapo njia inaishia Getanuwas, kwenye kaburi la mama yetu Doris. Ukishafika hapo, panda mlima wako ukipenda. Mimi nitakungoja Nangwa, kijijini chini ya mlima, na chupa ya chai.

Nilipokutajia Dongobesh kwenye simu ulisema tuizunguke, kwa kuwa ni mji tu na hakuna cha kuona. Nikakata simu, ukadhani mtandao umekatika. Halafu wiki iliyopita ukaniandikia kwamba kazi zimebana, kwa hiyo labda safari tuisogeze hadi Julai ya mwakani. Nimekaa na maneno hayo siku nane. Nimeona sasa sina budi kukueleza zile nukta ni za nini.

Wewe umekua ukiambiwa kwamba mama alipofariki Getanuwas ulikuwa na miezi miwili, na kwamba tulikuja huku Endagikot kwa lori la ngano. Hakukuwa na lori, Maximilian. Tulikuja kwa miguu, mwezi wa saba mwaka wa sabini na tisa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na wewe ulikuwa mgongoni kwangu.

Ilikuwa hivi. Mama alipozikwa, tulijaribu kukupa maziwa ya ng'ombe. Ulitapika kila tulichokupa, ukawa unakonda tunakuona. Shangazi Verediana alikuwa huku Endagikot na mtoto mchanga, yaani alikuwa na maziwa ya kutosha wawili. Lakini kutoka kule hadi huku ni siku nne za mtu mzima. Jirani yetu Nikolausi akasema atatusindikiza na punda wake. Baba alibaki. Ng'ombe hawakuwa na mtu wa kuwaangalia, na nadhani pia hakuweza kuliacha kaburi likiwa bado bichi.

Nikolausi hakupanga safari kwa maji wala kwa umbali, kama ulivyopanga wewe. Siku mbili kabla alipita akiuliza wasafiri na watu wa mnadani: njia nzima, ni nyumba gani ina mwanamke anayenyonyesha? Zile nyumba ndizo zilizokuwa vituo vyetu. Ndiyo maana njia yangu haijanyooka.

Basotu ulinyonyeshwa na mke wa dereva wa trekta. Jina lake sikuliuliza, na hadi leo najilaumu. Maretadu tulimkuta mama wa mapacha. Aliwanyonyesha mapacha wake kwanza wakashiba, kisha akakupa wewe kilichobaki, na asubuhi akafanya hivyo tena bila kuombwa. Aliitwa Fransiska. Alifariki mwaka ambao nilianza kufundisha.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa mbaya. Ukungu ulishuka hadi tukawa tunamfuata punda kwa sauti ya kwato zake. Manyunyu yakalowanisha blanketi nililokufungia mgongoni, nami kwa utoto wangu sikulifungua, nikidhani nikilifungua ndipo utapata baridi. Ulikuwa ukilia tangu asubuhi. Halafu mchana ukanyamaza, nami nikafurahi. Nikamwambia Nikolausi, "Amelala." Akaja akakugusa shavu, akaanza kutembea upesi sana.

Nyumba tuliyoelekea ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa nguo pale Dongobesh, Mzee Musa. Mkewe, Bi Chiku, alikuwa na kitindamimba wake, Hadiya. Alikutoa mgongoni kwangu mwenyewe, akalivua lile blanketi bichi akalitupa uani, akakuweka kifuani kwake ndani ya nguo zake, ngozi kwa ngozi. Mzee Musa akachochea mkaa. Mimi nilikaa mlangoni kwa sababu niliogopa kuingia na matope. Sijui tulikaa muda gani. Nilichosikia ni wewe kupiga chafya, halafu ukaanza kutafuta ziwa. Nililia hapo hapo mlangoni, na hadi leo nikikumbuka nalia. Hata sasa karatasi hii imepata doa, usidhani ni chai.

Tulikaa kwao siku mbili. Tulipoaga, Bi Chiku akaniambia, "Huyu amenyonya kwangu akashiba, sasa ni mwanangu. Na Hadiya ni dada yake, hawaoani." Kwa hiyo mdogo wangu ulikatazwa mchumba ukiwa na miezi miwili. Akakufunika kwa blanketi lake kavu, la mistari ya kahawia. Siku ya mwisho Nikolausi alinipandisha punda, nikakupakata hadi kwa Shangazi Verediana.

Utaniuliza kwa nini hukuambiwa. Ni Baba. Alipotufuata huku baada ya miezi mitatu, alimwambia kila ambaye hakutuona tukifika kwamba tulikuja kwa lori, akanitazama, nikajua nisiseme. Aliona haya kwamba alibaki na ng'ombe na kumwachia mtoto wa kike mzigo ule. Sikumlaumu hata siku moja. Lakini niliahidi kwa macho, na ahadi hiyo nimeitunza hata baada ya kumzika. Naona sasa niliitunza kupita kiasi, na nakuomba unisamehe.

Kila mwaka ndama akizaliwa au mahindi yakivunwa, huwa napita Dongobesh kumsalimu Bi Chiku. Mwezi uliopita nilikwenda kuwauliza watu wa pale habari za njia yako, nikamkuta kitandani. Ana miaka themanini na minne. Hospitali wamesema akae nyumbani na watu wake, nawe kwa kazi yako ya kuhudumia wazee unajua maana yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Aliniuliza, "Yule mtoto wa baridi yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ulikuwa hujanithibitishia tarehe, nami nikamjibu, "Anakuja Julai, mama. Anakuja kwa miguu." Akacheka, akamwita Hadiya, akamwambia chumba cha uani kipakwe chokaa kwa sababu kaka yake anakuja. Niliporudi baada ya wiki mbili kilikuwa kimeshapakwa. Hadiya alinisindikiza hadi barabarani akaniambia, "Dada Scola, mama anakula sasa. Anasema atangoja hadi Julai. Tafadhali usije ukamdanganya."

Kwa hiyo usiniambie habari ya mwakani. Kazi itabana tena mwakani, naijua. Mlima haujawahi kuhama, utaupanda ukiwa na miaka sitini. Lakini kati ya wanawake walionyonyesha roho yako katika njia ile, ninayejua kwamba yu hai ni huyu mmoja. Sikuombi kwa ukali wa dada mkubwa. Nakuomba kama mtu anayeogopa kwenda Dongobesh peke yake na kusimama mlangoni tena.

Nimeshajiandaa. Tangu Februari kila asubuhi natembea hadi mtoni na kurudi, nikiwa na debe la mahindi mgongoni, na majirani wanadhani ustaafu umenipanda kichwani. Goti litavumilia. Maretadu nimezungumza na mmoja wa wale mapacha, sasa ni babu, naye anatungoja. Basotu bado namtafuta yeyote anayemjua yule dereva wa trekta. Tutaondoka hapa tarehe tano Julai asubuhi, ukungu ukianza kuinuka, na jioni ya siku hiyo hiyo tutakuwa kwa Bi Chiku.

Mzigo wako basi upunguze. Acha hema, acha jiko, acha begi la kulalia. Nafasi itakayobaki, weka lile blanketi. Lina mwenyewe, naye yu hai bado.

Nisalimie sana Ingrid, na umsomee barua hii kwa lugha yao bila kuruka mahali. Mbusu Xavery mdogo kwenye pengo. Shemeji yako Vicent anakusalimu na kusema uje na viatu vya mpira, si hivyo vya bei kubwa. Violeth wa Shangazi Verediana, uliyenyonya naye, anasema bado una deni la kumletea chokoleti. Hadiya hajakuandikia salamu. Amesema salamu zake utazikuta chumba cha uani.

Mungu aliyekupigisha chafya siku ile akulinde huko uliko, akufikishe salama. Safari ya kwanza mzigo ulikuwa wewe, nami sikuuona mzito. Safari hii mabegi utabeba wewe, mimi nitashika fimbo na kukuonyesha njia.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyekuwa chini ya blanketi hilo pamoja nawe,

Scolastica