Benchi Nililolifunga kwa Nailoni

Shangazi, shikamoo.

Sijui hata nianzie wapi, maana nikimwambia mtu kwamba nimekosa amani kwa sababu ya benchi la nje atanicheka, na mdogo wangu niliyemwambia alicheka kweli, akasema dada, wenzio wana matatizo wewe una benchi, kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho kabla na wewe hujanicheka.

Mimi ni mjane, nashona mapazia nyumbani, na ninaishi na mama mkwe wangu, mama wa marehemu mume wangu, mimi na yeye tu, watoto hatukujaliwa. Mume wangu alikuwa fundi wa umeme wa magari, mambo ya mbao hakuyajua hata kidogo, lakini mama yake alipohamia kwetu na magoti yake yanayomsumbua, akasema mama hawezi kukaa kwenye hivi viti vya plastiki vinavyomzamisha, akaleta mbao akaanza kupima na kukata hapo uani huku mama mtu kamshikia ubao upande wa pili, na kazi yenyewe ilikuwa kubishana, "Shika vizuri, mama," "Nimeshika, wewe ndiye unakata kama unakata mkate," mpaka msumeno ukateleza ukachimba mkono mmoja wa benchi, na alama yake ipo mpaka leo. Likatoka benchi la watu watatu, zito, mguu mmoja mfupi, akauwekea kipande cha kigae chini, mama akalikalia akajitikisa kidogo akasema, "Limepinda, lakini tumelipinda wenyewe," na kuanzia hapo kila jioni tulikuwa tunakaa barazani, mama upande wa mlangoni penye ile alama, mimi upande wa mfereji wa paa, yeye katikati yetu, tunamenya machungwa na kuwasema majirani.

Kisha akafa, Shangazi, ghafla tu, aliondoka asubuhi kwenda gereji na chakula chake kwenye mfuko, mchana nikaletewa mfuko.

Msibani watu walijaa, wakalikalia benchi kama watu wanavyokalia, sina neno, ila mmoja aliweka kikombe cha chai ya moto juu ya ubao kikaacha duara jeupe, na nilipoliona lile duara kitu kikanipanda kichwani, wageni walipoisha nikalisugua mpaka vidole vikauma, nikachukua nailoni nzito ninayofungia mapazia ya wateja, nikalivisha benchi lote mpaka miguuni, nikalizungushia kamba, nikakaza mafundo, nikasema kwa sauti hapa hakai mtu. Nilitaka libaki vilevile alivyoliacha yeye, si kwa ubaya. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, na kesho yake alichukua kiti cha plastiki akakiweka karibu na mlango wa jikoni, na ndipo anapokaa mpaka leo, akitaka kuinuka lazima nimshike kwapani.

Mvua zimenyesha zikaisha, jua limewaka, nami nikipita nalifuta vumbi kwa juu. Sasa juzijuzi shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akapiga simu kwamba mwisho wa mwezi anakuja kumchukua mama akakae kwake, mimi sikujua hata kama wanazungumza habari hizo, nikamwendea mama nikamuuliza, "Mama, nimekukosea nini?" akasema, "Hujanikosea, mwanangu, umechoka tu." Na jana akiwa anakunja nguo zake akaniambia bila kunitazama, "Kabla sijaondoka, nifungulie niketi pale mara moja."

Nikaenda kufungua mafundo yangu. Shangazi, ile harufu! Maji yalikuwa yametanda kwa ndani ya nailoni kama kwenye mfuniko wa sufuria, ukungu mweusi kila mahali, na upande wangu, ule wa mfereji wa paa, maji yalikuwa yamepenya kwenye fundo yakatuama, nimebonyeza ubao kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai, na miguu ya upande ule imeota uyoga, naapa, uyoga. Upande wa mama umekuwa mweusi tu, kidole hakikuingia, egemeo nalo limekaza, lakini sikutaka kuona zaidi, nikalifunga harakaharaka nikarudi ndani nikamwambia, "Mama, nimelipaka rangi, halijakauka." Akasema, "Haya."

Nimekwenda kwa seremala wa barabarani anayeuza meza na viti vya bustani, akasema hilo ni la kutupa, atanitengenezea pacha wake na kulipaka rangi ya kulizeesha, "hata marehemu akirudi hatalijua," akacheka, mimi sikucheka. Mdogo wangu anasema ninunue seti ya chuma yenye mito mambo yaishe. Mama ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, hilo pacha linaweza kupita, ila nikimdanganya atakuwa ameuaga uongo, na nikimwambia ukweli ataondoka akijua kwamba kitu pekee alichokitengeneza na mwanawe nimekiozesha mimi. Na mimi sitaki aondoke, Shangazi. Huyu ndiye niliyebaki naye. Niagize hilo pacha au nifanyeje?

Mimi, Mshona Mapazia.

*

Shangazi anajibu:

Mshona Mapazia, marahaba, na pole sana. Ule mfuko wa chakula umenikalisha kitako, nikaacha barua yako mezani kwanza nikaenda kuchemsha maji. Sijakucheka. Lakini nitakugombeza, kwa hiyo vuta kiti.

Tuanze na ubao, maana ndio mwepesi. Ubao wa nje hunyeshewa, jua likatoka, upepo ukapita, ukakauka wenyewe. Wewe uliuvisha nailoni mpaka chini ukakaza na kamba, sasa unyevu utokee wapi? Tunajijua sisi: sofa jipya tunalikalia na nailoni yake ya dukani mpaka linatung'ang'ania mapaja, rimoti tunaivisha mfuko, tunasema tunatunza. Ndani ya nyumba utachekwa tu. Nje unaozesha.

Sasa la pili. Uliposema "hapa hakai mtu", mama mtu alikuwa amesimama mlangoni. Yeye si mtu? Lile benchi lilitengenezwa kwa ajili ya magoti yake, ubao ameushika kwa mikono yake, amezika mwanawe, na kabla machozi hayajakauka anaona mahali pake panafungwa kamba. Akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki, kilekile ambacho mwanawe alisema hakimfai, na wewe ukawa unamnyanyua kwapani kila siku bila kujiuliza amefikaje pale. Ulimuuliza umemkosea nini? Basi ni hilo. Najua hukukusudia, na naamini ulikuwa umechanganyikiwa na msiba, lakini yeye hana dirisha la kuchungulia moyoni mwako. Anaona kamba tu.

Na ombi lake la jana hukulielewa hata kidogo. Unadhani anataka kuaga mbao? Mwanamke anakunja nguo zake hakutazami usoni anasema nifungulie. Anataka kujua kama kwako bado ana pa kukaa. Nawe ukamjibu rangi haijakauka! Jamani.

Habari ya pacha iache kabisa. Umesema haoni vizuri, sawa, ila wewe unashona mapazia, unajua kitambaa kwa macho au kwa vidole? Atakaa, ataweka kiganja kwenye mkono wa benchi, atapapasa ile alama ya msumeno, ataikosa. Utamwambia nini hapo, kwamba rangi imeiziba? Atasema "haya" kama jana, na safari hii ataondoka kwelikweli.

Seti ya chuma ya mdogo wako si mbaya kwa mwenye kivuli kizuri na muda. Jua la mchana likiikuta utamkaanga mama wa watu. Kila rangi inapobanduka lazima upake upya, la sivyo kutu inaanzia kwenye maungio, na mito unakimbizana nayo ndani kila wingu likijikunja. Halafu vingi vya viti vile ni vya kulalia. Mwenye magoti anahitaji kiti kigumu, chenye mikono ya kushikilia, kimo cha kumfanya ainuke mwenyewe. Unacho tayari. Mumeo hakujua mbao lakini hilo alilijua.

Kwa hiyo fanya hivi, na uanze leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Nenda kwa mama, kaa chini mbele yake, sema, "Mama, nimekudanganya. Sikupaka rangi. Nililifunga benchi, limeoza, na wewe nilikuondoa mahali pako. Nisamehe." Ukimaliza hapo funga mdomo. Usimweleze ulivyokuwa umechoka, usimlilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Akikasirika, akasirike, ana haki. Kisha mshike mkono mpaka barazani, ukafungue yale mafundo mbele yake, na nailoni irudi kwenye mapazia ya watu.

Baada ya hapo mtalisugua wawili, yeye akiwa amekaa pembeni na wewe umeinama, brashi na maji ya sabuni, ukungu wote utoke. Usilitoe juani, litapasuka. Liwe chini ya paa penye upepo, miguu juu ya matofali, mbali na huo mfereji, mpaka likauke hata ndani. Likishakauka mwite seremala. Hata yuleyule anafaa, ila mwambie kicheko chake akiache kazini kwake. Apite na bisibisi, achome kila ubao: inapozama, akate, inapogoma, asiguse. Miguu mipya iwe ya mbao ngumu, skrubu zisizoshika kutu. Akitaka kupaka rangi ubao una unyevu, mkatalie, atakuwa anaufungia maji ndani kama ulivyofanya wewe. Apige msasa taratibu, na ile alama ya msumeno asiisogelee. Halafu lipake mafuta ya mbao kwa kitambaa, lifyonze, urudie, na siku ukiona matone ya mvua hayasimami tena juu ya ubao bali yanaingia, ujue lina kiu, lipake tena. Zikija mvua kubwa tupia turubai kwa juu tu, pembeni upepo upite. Na duara la kikombe likitokea, liache. Watu wakikaa mahali wanaacha alama.

Mpigie na shemeji yako. Usimwombe amwache mama, mama si mzigo wa kugombania stendi. Mwambie aje kama alivyopanga, na kwamba kosa lilikuwa lako na umelisema. Mama ataamua mwenyewe, na mimi sikuahidi kwamba atabaki. Akiondoka, aondoke akijua mahali pake pako wazi, na wewe umfuate huko kumsalimia, si kwa simu.

Limebaki jambo moja, na nilitaka kulikwepa. Kwa ulivyoniandikia, uozo uko upande wako, ule wa mfereji wa paa. Seremala akikata pale benchi litafupika, na atakwambia anaweza kuunga kipande lirudi urefu wake. Mkatalie. Liache liwe la watu wawili. Mama atakaa upande wake wa mlangoni, mkono juu ya alama yake, na wewe itabidi ukae pale alipokuwa anakaa mumeo.