Udongo Chini ya Misonobari ya Muchesia

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu saa nane, nami nina furaha ambayo si nzuri.

Leo nimemwona Muchesia akiaibika.

Muchesia ndiye ofisa wetu wa misitu, aliyekalia kiti cha Mzungu mwaka wa Uhuru. Mwaka huohuo tulikata mteremko mzima wa juu. Mimi nilikuwa msimamizi wa vibarua. Nilimwomba tusichome masalia, tuache visiki vichipue, na katikati tupande mikomari na mitere, miti ya hapa kwetu. Alicheka mbele ya vibarua wote.

"Shikuku, nyinyi mnapendanga kurudi nyuma. Serikali inataka mbao."

Akachoma, akapanda misonobari mitupu, akaamuru majani yanayoanguka yafagiwe. Mimi akanitupa kitaluni kumwagilia miche.

Nilimwagilia. Na kila siku ya miaka yote hii nilimchukia.

Karibu na kijito alisahau kipande kidogo cha ardhi. Nikakipanda nilivyotaka, bila kumwambia mtu.

Asubuhi amekuja mkaguzi kutoka Nairobi. Muchesia alimpeleka kwenye misonobari, nami nikabeba sepetu. Mkaguzi akaniambia nichimbe. Udongo mwekundu, mgumu kama tofali. Mvua za juzi zilikuwa zimeuchimba mifereji hadi mizizi ikabaki wazi.

Nikasema, kwa upole wa kujifanya, "Bwana, kuna mahali pengine hapo chini."

Huko sepetu ilizama bila kusukumwa. Udongo mweusi, umejaa majani yaliyooza na nyungunyungu. Mkaguzi aliufikicha kiganjani, akauliza, "Nani alipanda hapa?"

Muchesia alitazama viatu vyake. Nilipangusa sepetu kwanza, polepole makusudi, ndipo nikasema, "Mimi."

Mkaguzi ameagiza mteremko wote uchanganywe na miti ya kienyeji kabla mvua hizi hazijaisha. Alipoondoka, Muchesia alinifuata kitaluni. Kwa mara ya kwanza aliniita mzee.

"Mzee Shikuku, miche ya mikomari iko?"

Nikasema hakuna.

Ipo. Nimeiotesha nyuma ya kibanda, mamia, imefika magotini. Yeye hajawahi kukanyaga huko.

Nilimtazama akirudi ofisini mvuani, kichwa wazi, na moyo wangu ukaona utamu.

Sasa maji yanateremka kutoka juu, yanapita mbele ya mlango wangu yakiwa mekundu kwa udongo. Udongo huo haukunikosea chochote, na nimeuadhibu pamoja na Muchesia.

Nitampa miche. Lakini si kesho.