Wageni kutoka Kitale

Fridah uko? Usicheke. Baba amejua.

Si leo koleji ilituleta Bungoma, shule moja ya wavulana, tuwaambie Fom Fo ati ususi pia ni kazi ya wanaume. Madam Wangechi akanisimamisha mbele nisuke ile kichwa ya plastiki nikiongea. Wakacheka wee, halafu wakaanza kuuliza maswali. Nikaona nimewapata.

Kuinua macho, baba ameketi pale na walimu. Ati ndiye pasta aliitwa kufunga kikao kwa maombi.

Baba, bana! Na yeye anajua nasomea umeme.

Akainua mkono, akauliza Madam, "Wazazi wa huyu kijana wanajua?"

Huyu kijana. Kama hanijui.

Madam akasema ndiyo, na wanajivunia sana.

Baba akasema asante. Akafunga macho, akaombea walimu, akaombea shule, akaombea "wageni wetu kutoka Kitale."

Mikono yangu ilikuwa bado inasuka, Fridah. Sijui kwa nini sikuacha.

Mlangoni akanisalimia kwa mkono, vile alisalimia wote. Akasema, "Karibu tena kwetu Bungoma."

Nikamjibu, "Asante, pasta."