Tarishi Asiyepoteza Barua

Jumatatu, 9 Februari 1998

Leo amenipita. Mlangoni pa ofisi, hatua mbili tu kati yetu. Alikuwa ameshika kisu chake cha mkonge—mali ya kampuni, alikuwa anakwenda kukirudisha—akanipita kama mtu anavyopita nguzo ya simu. Hata habari hakusema. Mtu ambaye Jumapili ya juzi alikuwa ananimenyea muwa!

Sijalia. Nimerudi kwenye kompyuta nikakaa mpaka saa tisa. Sikuandika hata mstari mmoja.

Acha nijiandikie kilichotokea, maana kichwani kinazunguka tu. Ijumaa niliwasha programu niliyoitengeneza mwaka mzima. Kampuni hii mpya iliponunua shamba kutoka kwa Shirika la serikali la mkonge ilileta kompyuta tatu, na hakuna hata moja inayoelewana na mwenzake. Ya zahanati ina lugha yake, ya rejesta ya wafanyakazi ina yake, ya ofisi kuu Dar ndiyo kabisa. Kazi yangu ni programu ya katikati. Inapokea ujumbe huku, inautafsiri, inaupanga foleni, laini ya simu ikipatikana inausukuma Dar. Nimeiita Tarishi. Sifa yake kubwa: Tarishi hapotezi barua. Ujumbe ukishaingia foleni utafika tu, hata ukikaa wiki. Nilijigamba mbele ya meneja, Bwana Amiri, kama mzazi siku ya kipaimara.

Na nikaongeza kanuni moja ya kwangu mwenyewe. Hakuna aliyeniomba! Zamani mtu alikuwa anakufa hapa shambani, na kwao Kasulu au Njombe hawapati habari mpaka miaka ipite. Nikaona si utu. Basi kanuni ikawa hivi: namba ya mfanyakazi ikionekana kwenye kitabu cha vifo cha zahanati, Tarishi apeleke taarifa Dar, na Dar waiandikie familia barua. Stumai wa masijala alikuwa ameshaingiza vitabu vyote vya zamani.

Zikatoka taarifa ishirini na tatu. Watu ishirini na tatu, marehemu, na wote asubuhi ile walikuwa wameitika majina shambani.

Bwana Amiri alipiga meza kwa furaha. Wafanyakazi hewa! Akasema nimefanya ambalo Shirika lilishindwa miaka thelathini. Ofisi nzima ikanipigia makofi. Nikawa natabasamu, mjinga mimi, mpaka nilipoteremsha macho kwenye orodha. Namba 4417. Erasmo.

Erasmo wangu. Ambaye si Erasmo. Erasmo alikuwa kaka yake, alikufa kwa malaria mwaka 1992. Huku kwenye mkonge mtu akifa namba yake hairudishwi. Mdogo wake anairithi, nyapara anafumba macho, kesho yake inaitwa na mtu anaitika. Kwa jina la kaka yake akapata kazi, na kwa jina hilo shamba zima linamjua. Jina lake ni Gregori. Aliniambia mimi tu, mwaka jana, na yule nyapara aliyejua ameshazikwa. Na wakati naandika ile kanuni sikumkumbuka hata kidogo. Niliandika namba. Sikuona mtu.

Jumamosi wote ishirini na tatu walisomewa majina, wakaambiwa Jumatatu warudishe visu.

Jumanne, 10 Februari

Nimekwenda kambini kwake baada ya kazi. Alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda, anafunga godoro kwa kamba ya katani. Nikamwita Gregori. Akasema hapa nisimwite hivyo.

Nikamwambia sikukusudia. Akasema anajua, na hilo ndilo linalomuuma.

"Ungenisahau kwa hasira ningeelewa," akasema. "Ulinisahau ukiwa kazini tu, Ernesta. Tena unafurahi."

Nikamshikia ncha ya kamba.

Suala la kazi hata halimsumbui. Atakwenda Ndungu kwenye mpunga, mikono anayo. Linalomtisha ni mama yake. Mama yake, kule Kasulu, hajui kwamba Erasmo alikufa. Miaka sita! Mwaka ule wa msiba Gregori alishika kalamu mara nne akashindwa, akaishia kuandika salamu za wote wawili. Barua ya pili vivyo hivyo. Mwaka uliofuata angesema nini? Basi tangu hapo huandika barua mbili, moja kwa mwandiko wake na moja kwa mwandiko wa kulaza, ya Erasmo. Mama hajui kusoma, humsomea katekista. Kila Krismasi hupelekewa kanga mbili, moja ya kila mwana.

"Sasa kampuni yako itamwandikia," akasema.

Kampuni yangu! Nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikakumbuka: laini imekatika tangu Alhamisi, nguzo zimelala kwa mvua hii isiyojua kukoma. Taarifa bado zimo kwenye foleni, hapa hapa ofisini. Hazijaondoka! Nikamwambia nitaitoa ya kaka yake. Nikaapa. Ndipo akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumatano, 11 Februari

Nimeitoa. Ikarudi. Nimeitoa tena—ikarudi tena!

Nilikuwa nimesahau nilivyomlea Tarishi. Mashine ya zahanati inashika nakala mpaka iambiwe kwamba ujumbe umefika. Isipoambiwa inatuma upya. Mwaka mzima nimeziba kila tundu ambalo barua ingeweza kupotelea, leo natafuta tundu moja tu, silioni. Laiti ningekuwa mzembe kidogo!

Saa nane nikachukua baiskeli mpaka zahanati, nikamdanganya muuguzi kwamba naisafisha mashine. Nikafuta kule, nikarudi mbio kwenye tope, nikafuta na huku. Zote ishirini na tatu, maana nani ajuaye na wale wengine wana mama gani huko kwao. Foleni ikasoma sifuri. Nikacheka peke yangu, sketi imejaa matope hadi kiunoni.

Stumai akaingia na chai. Akauliza nacheka nini. Nikasema foleni imekwisha. Akasema nisiwe na shaka hata hivyo, zile za Dar alishazituma.

Zipi?

Akanionyesha karatasi ukutani. Mwandiko wangu, sahihi yangu: laini ikikatika zaidi ya siku tatu, nakili foleni kwenye disketi, mpe dereva wa basi la Dar. Jumatatu asubuhi alinakili, akampa dereva, na dereva ni mtu mwaminifu.

"Si ulisema wewe, dada?"

Nilisema mimi.

Alhamisi, 12 Februari

Laini imerudi saa tatu. Nimepiga Dar. Binti wa ofisi kuu kasema disketi ilifika salama na barua zote ishirini na tatu zilipelekwa posta jana. Kanipongeza kwa kazi safi.

Nimekwenda chooni nikalia kwa sauti. Sijali nani kasikia.

Ijumaa, 13 Februari

Nimemwambia Gregori asubuhi, nimesimama. Ningekaa nisingeweza.

Hakufoka. Heri angefoka! Aliuliza jambo moja tu: barua ya Kasulu huchukua siku ngapi. Nikasema wiki mbili, pengine tatu. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Basi mpaka Morogoro, treni mpaka Kigoma, halafu lori lolote litakalokubali. Wanasema reli imekatwa na maji huko mbele. Akasema haidhuru, ikikatwa barua nayo itakwama, yeye na barua wanapita njia moja.

Nikasema twende wote. Nilisema kweli, nilikuwa tayari kuondoka na viatu hivi nilivyovaa. Akatikisa kichwa. Akasema siku ya kumwambia mama anataka wawe watu wa nyumbani tu.

Watu wa nyumbani. Na mimi ambaye nimeshapanga mpaka kitambaa cha meza ya harusi! Limeniuma hilo kuliko yote aliyosema wiki hii, na alilisema kwa upole, bila hata kujua.

Standi ya Same saa nne. Nilimnunulia mkate na chupa ya maji. Mkate aliupokea. Maji akasema ninywe mwenyewe, nimekauka midomo. Nilisimama mpaka basi likapotea upande wa Mombo. Hakuchungulia dirishani.

Jumapili, 15 Februari

Nimepanda Myamba, kijijini kwetu. Ibada, kisha makande nyumbani. Nilimwamkia Baba, akaitika marahaba, na hata sijakaa akaanza: mgeni wetu anakuja lini? Ameshamtenga mbuzi, ameshamwambia na mzee wa kanisa. Nikasema mgeni amesafiri, kwao kuna msiba.

Akauliza nani amefariki. Kaka yake, nikasema. Pole sana, mwanangu, lini?

Nikasema majuzi.

Lo! Na mimi nimeanza. Kumbe ndivyo inavyokuwa, neno moja dogo la kumpoza mzee, na tayari huwezi kurudi nyuma.

Baadaye nilimsindikiza Baba kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kesho ni zamu yake ya maji. Mimi foleni sikujifunzia chuoni Dar, nilijifunzia pale nikiwa na miaka saba. Maji yanakusanyika ndani ya ndiva, asubuhi inafunguliwa, kila shamba linapata kwa zamu. Nilipomweleza Baba kazi yangu kwa mara ya kwanza alielewa upesi kuliko wahandisi wa Dar. Leo aliniambia zamu yake ilikuwa ya jirani, ila jirani kafiwa na mkwe, basi mlinzi wa ndiva kamsogeza jirani nyuma bila kuombwa. Mtu akiwa na msiba hafunguliwi maji uani kwake. Mlinzi anamjua kila mtu na shida yake.

Tarishi sikumwekea mlinzi. Niliona binadamu ndio wanaopoteza barua. Nimekaa ukingoni pale mpaka Baba akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni tumbo.

Jumatano, 18 Februari

Bwana Amiri kaniita. Wakubwa wamefurahi mno, wanataka Tarishi afungwe kwenye mashamba mengine mawili. Nitapewa cheo. Nikasema ahsante, bwana. Nina mdomo mkali nyumbani, kazini sijui huwa unakwenda wapi.

Jana wawili kati ya wale ishirini na tatu walikuja kuomba waandikwe upya kwa majina yao ya kweli. Wamekubaliwa, kama vibarua wapya. Miaka kumi na minne ya mmoja wao imefutika. Alinishukuru! Nilishindwa kumtazama.

Jumatatu, 23 Februari

Siku ya kumi. Hakuna habari. Nimemuuliza kondakta mmoja, kasema Morogoro abiria wa Kigoma wamejaa stesheni, wengine wanatembea. Naomba barua ikwame na mtu apite. Sijui kama Mungu hupokea sala ya namna hiyo. Nimeisali hata hivyo.

Namkumbuka vibaya sana. Nakumbuka hata kikohozi chake.

Jumatano, 25 Februari

Naandika nikiwa ofisini, mezani.

Stumai kaja na mfuko wa posta. Kuna bahasha ya Erasmo, namba 4417, kutoka Kasulu. Muhuri wa posta ni wa tarehe 22 Januari. Imetumwa kabla ya yote haya, imekaa njiani mwezi mzima. Stumai anauliza aifanyeje. Utaratibu wa masijala, barua ya mtu aliyekufa inagongwa MAREHEMU kwa wino mwekundu, inarudishwa kwa aliyeituma. Muhuri anao mkononi.

Nimemnyang'anya bahasha, nikaifungua. Si haki yangu, najua.

Ni mwandiko wa katekista, maneno ya mama.

"Mwanangu Erasmo. Barua yako ya Krismasi tumeipata, na kanga nimevaa. Umenipa furaha kwa habari ya mdogo wako, kwamba amepata mchumba huko Upareni, binti Mlutheri, msomi, anayetengeneza mashine za kupeleka habari. Gregori mwenyewe barua yake haisemi kitu, unamjua alivyo na aibu. Sasa baba yenu hayupo, wewe ndiye baba. Usimwache mdogo wako aende ukweni peke yake. Simama mbele, umsemee. Na yule binti mwambie nimempokea. Mwambie aniandikie mwenyewe, kwa mkono wake, katekista anisomee nimjue."

Alinitangaza kwao. Alishindwa kwa jina lake mwenyewe, akamtuma kaka yake aseme.

Stumai bado amesimama hapa. Anauliza, dada, nigonge au nisigonge? Anasema gari la posta linaondoka saa tisa. Sasa ni saa nane na dakika thelathini na tano. Sijui Gregori amefika au yupo stesheni Morogoro. Sijui ile barua nyingine imefika. Sijui huko Kasulu mama ana wana wangapi leo.

Nimemwambia asubiri. Nimechana karatasi kwenye daftari hili hili, kalamu ninayo, nimeanza:

"Mama, shikamoo. Jina langu ni Ernesta. Mimi ndiye—