Mkono wa Bibi Unatafuta Nguzo

Jumanne, Novemba 1974

Mawingu mazito tangu asubuhi, na mvua hainyeshi. Moyo wangu umetulia kuliko jana.

Kesho Mjomba anakuja kumchukua Bibi akaishi kwake mjini, Chikongola. Bibi ameanguka mara mbili tangu tuhamie kijiji hiki kipya. Kwa kuwa ninasomea uuguzi, Mjomba amesema ataamua kwa neno langu. Bibi hataki kwenda. Msimu ndio huu, anasema. Korosho zake nani ataziokota?

Jana nilimpima kama tulivyofundishwa. Nilimwomba ainuke kwenye kigoda bila kushika kitu, atembee hadi kwenye kinu, ageuke, arudi. Aliinuka kama msichana.

"Unaninunua, mke mwenzangu?" akaniuliza. "Mbuzi ndiye hukaguliwa miguu."

Nilicheka, huku nimeudhika. Miguu mizima, macho yanaona, kizunguzungu hana. Basi kwa nini anaanguka? Nilikwisha kuandaa jibu la kumpa Mjomba: ni uzee tu.

Jibu la mtu mvivu.

Leo alfajiri nilikuwa macho alipoamka kwenda kutawadha. Alifika mlangoni, akanyoosha mkono wa kushoto na kuegemea. Hapakuwa na kitu. Nikamdaka.

Hapo nikakumbuka nyumba yetu ya zamani, kule shambani. Kushoto mwa mlango kulikuwa na nguzo, imelainika kwa kiganja chake. Nyumba hii haina. Mchana anaona kwamba haipo. Gizani, mkono bado unaishi kule.

Nami nilimpima uani, jua likiwaka! Hajapata kuanguka uani hata siku moja.

Aliona haya. "Usimwambie mjomba wako," alisema. "Atanifunga kamba kama yule mbuzi."

Nitamwambia. Nitamwambia pia kwamba nyumba yake ina ngazi za saruji, na huko mkono wa Bibi utaanza kutafuta upya. Tumchimbie nguzo hapa kwanza, na kibatari kiwashwe kabla hajainuka kitandani.

Akikataa je? Mjomba hapendi kubishiwa, tena na mtoto wa dada yake.

Jioni hii nimechimba shimo kushoto mwa mlango, ili akija alikute. Bibi amelitazama, amenitazama, akaingia ndani.

Nimelifunika kwa ubao. Asije akatumbukia.