Konokono Niliyekutia Mkononi

Shangazi yangu mpendwa,

Hapa kisiwani Vamizi watu bado wanasema yule konokono ulimwokota mwenyewe. Hata matangani kwako mwezi uliopita walisimulia hivyo, nami nikanyamaza. Leo naisoma barua hii mbele ya wote.

Siku ile ya bamvua, maji yamekupwa mno, nilikuwa na miaka kumi na sita, tunachokoa pweza mwambani. Ulishanionya nisiguse konokono mwenye gamba lililochongoka kama pia, kwa kuwa ana mwiba wa sumu anaowachomea samaki kabla ya kuwameza. Lakini nilipomwona mmoja, madoa yake yalinivutia. Nikamwokota kwa ncha ya kanga, nikakwambia unishikie. Ukanyoosha mkono bila kutazama, macho yakiwa kwenye shimo la pweza.

Ulisema umedungwa kama na nyuki. Tulipofika ufukweni midomo yako ilishakufa ganzi, kope zinaanguka, maneno hayatoki. Nesi wa kijijini akakulaza kwenye boti ya mashini twende hospitali ya Palma, bara. Katikati ya safari kifua chako kikasimama.

"Mpulizie," nesi aliniambia. "Ukichoka sema, nikupokee. Usiache tu."

Tukapokezana, mdomo kwa mdomo, mawimbi yakituvuruga. Bara ilionekana, haisogei. Kila nilipopokelewa nilikuinamia sikioni nikakiri: ni mimi niliyekupa, nilijua, nisamehe. Hukupepesa hata ukope. Niliona nasema na maiti.

Palma walikupumulisha kwa mfuko wa mpira mpaka kesho yake mchana, kidole kikacheza.

Tuliporudi, baba aliuliza kwa ukali nani alimgusa konokono. Ukamjibu ni wewe, ulidhani kombe tupu. Tulipobaki wawili ukanishika mkono.

"Nilikuwa nasikia kila kitu," ukasema.

Hukulitaja tena hadi maradhi mengine yalipokuchukua.

Jana nilimweleza baba. Akasema alijua tangu mwanzo kuwa ni mimi: yeye mwenyewe alifundishwa na wewe, dada yake mkubwa, kumwogopa konokono yule, na hungemshika kama ungemwona. Aliheshimu tu neno lako.

Kumbe mlinibeba wawili, Shangazi, nami nikidhani nimejificha. Sasa nalia bila kuogopa atakayeniuliza sababu.

Mola akupe kauli thabiti huko uliko.

Mtoto wa kaka yako, uliyemsitiri.