Maji Uliyompa Mgeni

Mama, mama yangu,

Huku Fridley theluji imekataa kuyeyuka, na wewe unajua ninavyoichukia. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na nimewaambia watu wa nyumbani wasinisemeshe. Nakuandikia kwa sababu nimechoka kuambiwa kanisani kwamba Mungu ana mpango wake. Wewe nawe ulikuwa ukisema hivyo hivyo, lakini wewe niliweza kukukatiza.

Unaikumbuka ile nyumba ya St. Paul, ya mbao, iliyojengwa kabla bibi yako hajazaliwa. Siku tuliyoingia hukutazama vyumba. Ulikwenda moja kwa moja jikoni, ukafungua bomba, ukaweka mkono chini ya maji na kucheka peke yako. Kule kambi ya wakimbizi tulikuwa tumepanga ndoo foleni miaka yote, na watu walikuwa wakipigana kwa ajili ya nafasi. Hapa maji yalikuwa ndani ya nyumba na hakuna aliyekuja kuyafunga. Uliyafunga wewe mwenyewe, haraka, ukaniambia, "Mayi hatumwangake bure."

Na kweli hukumwaga. Kila alfajiri maji ya kwanza kutoka bombani yalikuwa ya uji wa mwanangu Furaha. Uliyachemsha mpaka yakapungua nusu ya sufuria, kama wahudumu wa afya wa kambini walivyokufundisha. Nilikuwa nakutania, "Mama, unapika maji au maharage?" Ukanijibu kwamba mimi mwenyewe nililelewa kwa maji ya namna hiyo na sasa nina mdomo wa kukusema.

Kwa mgeni tu ndiko ulikokuwa mkarimu wa maji. Mgeni akiingia, hata awe jirani aliyekuja kuazima chumvi, ulifungua bomba ukayaacha yatiririke mpaka yawe baridi, ndipo ukamjazia glasi. Maji yaliyolala kwenye bomba yalikuwa ya wenyeji. Sisi tulikunywa hayo, na hakuna aliyenung'unika. Ndivyo tulivyolelewa.

Ulikuwa mwaka ule ambao televisheni ilikuwa ikizungumzia maji mabaya ya mji mmoja wa jimbo jingine kila jioni. Watu wanaopima maji wakatuachia chupa ya plastiki mlangoni, pamoja na karatasi ya maelezo kwa lugha nne, yetu haimo. Walikuwa wakichagua nyumba za zamani. Wewe ulisikia neno moja tu: tumechaguliwa. Nilikueleza usiku ule kabla sijalala, maana zamu yangu kwenye ghala la mji wa Savage ilianza kabla ya mapambazuko. Nilikuambia: usiku kucha tusifungue bomba, asubuhi ujaze chupa kwa maji yale ya kwanza kabisa, kisha uiweke mlangoni waichukue. Ukasema umesikia.

Majibu yalikuja mazuri. Maji yetu hayakuwa na tatizo. Jumapili ile ulisimama kanisani kutoa ushuhuda, ukasema serikali imepima maji ya nyumba yako na kuyakuta safi, na wanawake wakakupigia vigelegele. Wakaanza kukuita Mama Mayi. Ulijifanya umekasirika. Nilikufahamu, ulikuwa umefurahi kupita kiasi.

Kisha kliniki ikampima Furaha damu, kipimo cha kawaida cha watoto wa umri wake, wakakuta madini ya risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Wakasema huenda ni rangi ya zamani kwenye madirisha. Mwenye nyumba akaleta mtu akaikwangua na kupaka nyingine. Tukampima tena, yakawa yamepanda. Nikasema maji yetu yalishapimwa, ni mazuri. Kila aliyeniuliza kuhusu maji nilimjibu hivyo, na wote waliniamini.

Mwishowe alikuja yule dada Mkenya, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akifanya kazi na ofisi ya afya. Ulifurahi kusikia Kiswahili, hata kama ulisema Kiswahili chake kimevunjika miguu. Alikuwa ametuagiza tusiguse bomba tangu usiku. Akatoa chupa yake, akaiweka moja kwa moja chini ya bomba, akafungua. Wewe ukamshika mkono.

"Hapana, mwanangu. Wacha itoke kwanza. Hiyi mayi ililala."

"Hiyo ndiyo tunataka, mum," akasema. "Ile imekaa kwa pipe usiku mzima. Hiyo ndiyo inaonyesha kama pipe iko na lead, ile risasi."

"Ile ingine mara, ya chupa ya mlangoni, nilimwanga kwanza," ukasema. Ulisema kwa fahari, Mama. Bado naisikia sauti yako. "Nilimwanga mingi. Hatuwezi kupatia wageni mayi ya kulala."

Yule dada akanitazama, kisha akauliza taratibu, "Na mtoto mnampea gani?"

Ulimwonyesha sufuria jikoni. Ukamweleza kwamba unayachemsha vizuri, mpaka yapungue. Akafunga chupa yake iliyokwisha kujaa, akavuta kiti akaketi. Akasema kuchemsha kunaua vijidudu, lakini madini hayafi. Maji yanapungua, madini yanabaki yote. Ulinigeukia ukaniomba nikutafsirie, ingawa alikuwa amesema Kiswahili. Nikakutafsiria. Nilirudia maneno yake yale yale.

Chupa ile ilionyesha tulichokuwa tumeshajua. Tukahamia huku Fridley. Bomba lile la risasi bado limefukiwa pale pale, kati ya barabara na ile nyumba, na nimesikia kuna familia nyingine imeingia.

Huku hukuingia jikoni tena. Ulikuwa ukikaa sebuleni na kanga magotini, ukisubiri kupewa maji ya kunywa kama mgeni. Nilikuambia si kosa lako. Ukaniuliza, "Basi ya nani?" Nikamtaja mwenye nyumba, nikalitaja bomba, nikaitaja karatasi isiyo na lugha yetu. Ulinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa mambo ya ukoo mwingine. Ulipofariki daktari alisema ni presha. Mimi nina langu moyoni.

Msibani mama mmoja alinishika mabega akanifariji kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwachia kiti, nikatoka nje.

Nina hasira nawe, Mama. Nimejaribu kuiacha, imenishinda. Ungekuwa mvivu, ningekuwa na mtoto mzima. Ungekuwa mchoyo asubuhi ile moja, ukawapa wageni maji tuliyokuwa tukinywa sisi, wangetushtua mapema. Lakini uliwapa mazuri, mabaya ukatuwekea sisi, na ulifanya hivyo kwa upendo, ndiyo maana sina wa kumpigia kelele.

Furaha sasa anakwenda shule. Damu yake imeshuka, nesi anasema hilo ni jambo jema. Kilichokwisha kuharibika hawakizungumzii tena. Maneno yake ni machache na yote ni ya Kiingereza. Rangi anazijua leo, kesho amezisahau. Mwalimu wake ni mpole, ananiambia kila mtoto ana mwendo wake, na mimi naitikia kwa kichwa. Asiyenijua atadhani nimekubali.

Najua siku moja atauliza kwa nini. Nikimwambia ni bomba, nitakuwa nimemwambia nusu. Nikimwambia ni bibi yake, atamchukia mtu aliyemchemshia uji kila alfajiri ya utoto wake. Kwa hiyo nimeacha kukutaja. Nikianza kisa chako chochote, hata cha kuchekesha, kinaishia kwenye lile jiko, basi nanyamaza kabla sijafika.

Juzi aliikuta picha yako ndani ya Biblia yangu, ile uliyovaa kitenge cha kijani. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Who's that?"

Nikamwambia ni mama mmoja wa kanisani. Akanirudishia picha, akaenda kucheza.

Lala, Mama. Huku hakuna anayekuita.

Kitinda mimba wako,
Mama Furaha